Sufuria Huoshwa, Filta Hutupwa

Jumamosi moja pale Uriri, chini ya mwembe ambapo mafundi wetu hufungulia boneti, dereva wa Probox alitoa mfukoni kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa, kwa heshima ya mtu anayetoa saa ya marehemu babake. Ilikuwa filta ya oili, ila si hizi za bati la rangi tulizozizoea. Hii ilikuwa ya alumini, inafunguka, na ndani mna wavu wa chuma kisichoshika kutu, umekunjwa marinda kama sketi ya shule.

"Omera, hii ni ya maisha," akasema. "Naosha, narudisha. Nyinyi endeleeni kutajirisha maduka ya spea."

Watu wakaipokezana. Fundi akaipuliza, akaielekeza juani, akaona mwanga ukipenya, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi nikasema huo mwanga unaopenya ndio unaonitia wasiwasi. Wakacheka. "Mwalimu, wewe umezoea kutupa pesa." Kabla ya jua kuzama sikuwa na mtu upande wangu, na makala haya ni ya kulipiza kushindwa kule.

Rai waliyoishika si ya pale mwembeni tu. Utaisikia kwenye barabara yote ya A1, tangu Isebania hadi Rongo, na ina sura mbili. Mwenye pesa huagiza wavu kutoka ng'ambo. Asiye nazo huchukua filta yake ya karatasi, iliyotengenezwa itumike mara moja, akaisukutua kwa petroli na kuirudisha kwenye injini. Wa kwanza humcheka wa pili kwa umaskini, wa pili humcheka wa kwanza kwa majivuno, lakini imani yao ni moja: filta ni chombo, na chombo huoshwa. Mimi nasema filta si chombo. Ni mfuko wa taka. Kazi yake ni kuushika uchafu na kutoka nao nje ya injini, bila uchafu huo kupitia tena mikononi mwa mtu.

Nianze na hesabu, maana ndiyo ngome yao. Wavu uliotengenezwa sawasawa kwa gari dogo huuzwa ng'ambo dola 100 na zaidi. Kwa dola ya shilingi 130, hiyo ni shilingi 13,000 kabla ya nauli na ushuru. Filta ya karatasi tuipe bei ya shilingi 500. Probox ya abiria ikienda kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, inamaliza kilomita 46,800 kwa mwaka. Ukibadilisha oili kila kilomita 5,000 utanunua filta mara tisa, yaani shilingi 4,500. Basi wavu utarudisha bei yake baada ya takriban miaka mitatu, kama hujalipia petroli ya kuoshea, wala oringi, wala muda wa fundi. Sikatai kwamba mwaka wa nne wavu unaanza kushinda. Ila nauliza ni Probox ngapi za barabara hii hufika mwaka wa nne zikiwa bado na mwenyewe yuleyule, na zile zilizouzwa, ni ngapi ziliuzwa filta ikiwa imefunguliwa na kubaki nyumbani.

Tazama hesabu hiyo kwa upande wa pili. Shilingi 500 kugawa kwa kilomita 5,000 ni senti 10 kwa kilomita. Hiyo ndiyo pesa yote inayogombewa. Mtu anayebeba abiria tisa kwenye gari la watano, huku spring za nyuma zikilia, anakuja kuniambia kwamba kinachomfilisi ni senti 10.

Lakini tuiache pesa, kwa sababu hata kama wavu ungegawiwa bure mnadani bado nisingeutia kwenye injini yangu. Shida iko kwenye matundu.

Uchafu wa oili hupimwa kwa mikroni, na mikroni 1,000 ndizo zinafanya milimita moja. Unywele wa mtu una unene wa mikroni 70 hivi. Nyavu hizi za chuma, zile nzuri, matundu yake huwa kati ya mikroni 25 na 40. Mtu akisikia hivyo huona ni madogo mno. Si madogo. Kranki ya gari haigusani na beringi zake. Huelea juu ya utando wa oili ambao injini ikiwa kazini huwa na unene wa mikroni chache tu. Punje kubwa haiwezi kujipenyeza hapo. Punje ndogo mno hupita bila kugusa upande wowote. Inayokwaruza ni ile inayolingana na nafasi yenyewe, ya mikroni 5, 10, 20, na hiyo mbele ya wavu wa mikroni 35 ni kama mbuzi mbele ya lango la ng'ombe.

Mwaka 1988 General Motors ilichapisha utafiti wa jambo hilihili. Ukiichukua filta ya mikroni 40 kuwa kipimo, filta ya mikroni 30 ilipunguza kulika kwa injini kwa nusu, na ya mikroni 15 ikapunguza kwa asilimia 70. Yaani tofauti ya mikroni ambazo jicho haliwezi kuziona ni tofauti ya injini inayokula oili mapema na injini inayozeeka taratibu.

Karatasi ya filta nayo si karatasi ya daftari. Ni nyuzi zilizonyweshwa resini na kuokwa, zikalala moja juu ya nyingine bila mpango, na uchafu hunaswa katika unene wake, si juu yake tu. Punje iliyoponyoka uzi wa kwanza hukutana na wa tatu au wa kumi. Wavu una tabaka moja: ukipita, umepita. Kila aliyewahi kuchuja chai kwa chujio la chuma anajua. Majani yanabaki juu, na ukifika mwisho wa kikombe unakuta vumbi la chai limekungoja.

Hapa ndipo wazee wenye kumbukumbu huniletea historia. Wananiambia Volkswagen, ile ya kobe, ilishinda Safari Rally mwaka 1954 na tena 1957, na kiwandani ilitoka haina filta ya karatasi, ina kichujio cha waya tu chini ya injini. Ni kweli. Ila VW wenyewe, walipounda injini yao kubwa zaidi ya kupozwa kwa hewa na kuiweka kwenye modeli ya 411 mwaka 1968, waliifungia filta ya kutupwa. Waliokuwa na miaka thelathini ya kuishi na kichujio cha waya ndio waliokiona hakitoshi. Sisi tunawapita kwa lipi?

Vijana nao huniletea pikipiki. "Mbona hizi za Kichina hazina filta ya karatasi na zinapanda murram kila siku?" Swali zuri, na jibu lake ni tamu kwa anayependa mashine. Nyingi kati ya hizo zimeigwa kutoka Honda CG125 ya mwaka 1976. Ndani yake, mbali na wavu, mna kikombe kinachozunguka pamoja na kranki. Oili ikipita humo, uchafu mzito hurushwa pembeni ukagandamana ukutani kama ugali kwenye sufuria. Kikombe hicho ndicho filta yake. Wavu ni bawabu wa kuzuia mawe. Kranki yake pia imekaa kwenye beringi za gololi na roli, ambazo huvumilia uchafu kuliko beringi laini za gari. Na oili yenyewe ni lita moja tu, humwagwa mapema. Ondoa kikombe, ondoa gololi, halafu niambie pikipiki inathibitisha nini kuhusu Probox.

Kuna hoja ya tatu, ya mtu aliyesoma: ndege hutumia nyavu. Hii naipenda kuliko zote, kwa sababu mwenye kuileta huwa hajaisoma hadi mwisho. Lycoming, wenye injini zinazorusha ndege ndogo nyingi pale uwanja wa Wilson, husema hivi: injini yenye filta kamili ibadilishwe oili kila saa 50 za kuruka; yenye kichujio cha wavu pekee, kila saa 25. Wavu umepunguza umri wa oili kwa nusu. Nionyesheni dereva mmoja wa Uriri aliyenunua wavu halafu akaanza kumwaga oili kila kilomita 2,500. Wote niliowasikia wanafanya kinyume. Kwa kuwa wana filta ya maisha, wanaona hata oili inaweza kungoja.

Sasa twende kwenye uoshaji wenyewe, kwani hapo ndipo maneno ya kwenye pakiti hukutana na mikono yetu.

Nilikaa nikatazama wavu wa yule dereva ukioshwa. Fundi alikata kopo la Kimbo, akamimina petroli kiasi cha nusu lita, akautumbukiza wavu mzima. Akausugua nje kwa mswaki wa meno uliozeeka. Petroli ikageuka rangi ya kahawa. Akautoa, akaukung'uta, akautumbukiza tena mlemle. Kisha akaufuta kwa tambara, akauweka juu ya tairi la akiba ukauke. Lori la miwa likapita kuelekea Awendo, kiwanda cha sukari cha SONY, na vumbi lake likatua pale kama kawaida ya vumbi. Dakika kumi baadaye wavu ulikuwa ndani ya injini.

Rudia picha hiyo polepole. Filta ina pande mbili. Upande wa nje hupokea oili chafu, upande wa ndani hutoa oili iliyochujwa, na toka hapo oili huenda moja kwa moja kwenye beringi. Baada ya filta hakuna mlinzi mwingine. Ukitumbukiza wavu mzima kwenye petroli yenye uchafu, umechukua taka za nje ukazipeleka ndani. Punje moja ikibaki upande wa ndani, uzi mmoja wa tambara ukikwama marindani, injini itaupokea mara tu ufunguo utakapozungushwa. Kabla ya kuoshwa, wavu ule ulikuwa mchafu nje na safi ndani. Baada ya kuoshwa ulikuwa unang'aa kote, na hakuna aliyejua ndani kumebaki nini.

Wanaouza nyavu hizi hueleza taratibu: kimiminika safi kwa kila msuko, hewa iliyochujwa ya kompresa kutoka ndani kwenda nje, mwanga mkali, kukagua kila rinda kama halijapasuka. Siwadharau mafundi wetu. Wapo wanaoweza kusikiliza injini ikinguruma wakakuambia ni valvu ipi imelegea. Lakini kazi yenye masharti hayo haiendani na kivuli cha mwembe kando ya barabara kuu, saa ambayo abiria wanapiga honi.

Ya karatasi ikioshwa ndiyo balaa zaidi, na hili nimelilipia mimi. Niliwahi kukubali, mbali na hapa, kwa fundi nisiyemtaja, anioshee filta "kwa leo tu, duka limefungwa". Alimimina petroli kwenye tundu la katikati, akaziba kwa kiganja, akatikisa, akamwaga, akaona yanayotoka ni meusi, akafurahi. Alichokifanya ni kuulegeza uchafu ndani ya bati lisilofunguka, kisha kunirudishia pamoja na petroli iliyosalia ikaizimue oili mpya niliyoinunua. Mpira wa kuzibia ukingo nao ulikuwa umekunywa petroli ukavimba. Kabla sijafika Awendo taa nyekundu ya oili ikawaka. Nilizima gari kando ya miwa, nikainama, nikaona oili yote ya asubuhi imechora mstari mweusi juu ya lami nilikotoka. Lita nne. Filta mpya ingekuwa sehemu ndogo ya bei yake.

Ndani ya bati lile mna vitu vingine ambavyo hakuna anayeviosha kwa sababu havionekani. Kuna kipande cha mpira kinachozuia oili isiteremke injini ikizimwa, ili asubuhi beringi zisianze kazi zikiwa kavu. Kuna valvu ya dharura inayofunguka filta ikiziba, ikaruhusu oili ipite bila kuchujwa, maana heri oili chafu kuliko kukosa oili. Mpira ukikakamaa, au valvu ikibaki wazi, una filta ya jina tu. Gari litawaka, litakwenda, hutasikia kitu, na siku likianza kunoki utalaumu oili.

Ipo hoja moja ya wapinzani wangu ninayoivulia kofia. Wanasema: hizo za karatasi unazozisifu ni bandia. Ndani ni karatasi ya kufungia samosa. Kweli filta bandia zipo. Nchi ilitunga sheria ya kupambana na bidhaa bandia mwaka 2008 na kuiundia mamlaka yake, na bado vipuri bandia vinauzwa. Lakini mtu akiuziwa dawa bandia hafui tembe za zamani. Hutafuta dawa halisi. Na kama ni bandia, wavu ndio rahisi zaidi kuigwa, kwa sababu jicho haliwezi kutofautisha tundu la mikroni 30 na la mikroni 90. Nyavu zote mbili zinang'aa juani.

Filta ya karatasi angalau inaweza kuhojiwa ikishatoka. Mwambie fundi aikate ile kuukuu kwa msumeno wa chuma, mkunjue karatasi kama mkeka. Hesabu marinda: halisi huwa mengi, yamepangana sawa, ncha zimeshikana, bandia huwa machache, yamelala upande mmoja kama nyasi zilizokanyagwa. Ipitishe kidole. Ukihisi mchanga, kichujio chako cha hewa kinavuja na vumbi la murram linaingia injini kwa mlango wa mbele. Hapo ndipo pesa yako ilipaswa kwenda, si kwenye wavu. Ukiona vimetameta vya rangi ya shaba, beringi zimeanza kukuaga. Karatasi ile ni barua ya kilomita 5,000 zilizopita. Anayeosha huichoma kabla ya kuisoma.

Kuhusu mazingira nitasema machache, kwa sababu hoja yao hapo ni nyepesi. Ni kweli bati linalotupwa ni taka. Ila petroli nyeusi ya lile kopo la Kimbo haikwenda mbinguni. Ilimwagwa kwenye mtaro, na maji ya mitaro yetu huishia mto Kuja, unaoungana na mto Migori na kuingia Ziwa Victoria kule Nyatike. Bati likitobolewa juu na kuachwa lichuruzike usiku kucha, oili yake inakusanywa pamoja na ile iliyomwagwa, ambayo huku haikosi mtu wa kuipaka nguzo za ua dhidi ya mchwa, na chuma chake kinakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Je, hakuna anayefaa kuwa na wavu? Yupo. Mwenye gari la mashindano anayefungua injini kila baada ya mbio, anayetaka kuona chembe za chuma kabla hazijawa msiba. Kampuni yenye karakana iliyofungwa, mashine ya kuoshea, na maabara ya kupima oili. Wao hununua wavu kwa sababu wana uwezo wa kuutunza. Sisi tunaununua ili tuepuke utunzaji, na hapo ndipo tulipokosea njia.

Kwa hiyo, dereva mwenzangu wa Uriri, Awendo na Suna: kila oili mpya, filta mpya. Inunue kwa muuzaji atakayekuandikia risiti. Ipake mpira wake oili kidogo kwa kidole, hakikisha mpira wa ile ya zamani haujabaki umeng'ang'ania injini, ikaze kwa mkono, usiikaze kwa hasira.

Yangu ilifungwa Jumanne. Juu ya bati nimeandika kwa kalamu nzito: 214,600. Ikifika 219,600 itatoka, itatobolewa, itakesha kwenye kopo, na asubuhi yake tutaikata palepale mwembeni. Yule dereva wa Probox nimemwalika. Aje na wavu wake, aje na petroli safi na kitambaa cheupe, tuusukutue kutoka ndani kwenda nje, tuone kitambaa kitasema nini.